Hendeli za Ijumaa

Vijana wa gereji, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi zamani, na mmoja wenu akaongeza kwa sauti ya chini, akidhani sisikii, "Ila asituhubirie." Nimejaribu kumtii. Habari za mishahara nitaziruka, maana ilikuwa midogo. Habari za vyeo pia ningeziruka, maana kwetu kilikuwa kimoja tu, lakini hicho kimoja kilitutia wazimu watu wazima wawili, na bila kukieleza hamtaelewa ule msumari wenye kutu ambao huwa mnaniuliza kwa nini nilikataa ung'olewe ukutani.

Niliingia mjini Meru kutoka Kianjokoma, kwetu Embu, nikiwa nimevaa mashati yangu yote mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu ya baridi na kwa sababu sikuwa na mfuko wa kubebea. Niliambiwa nimtafute Mzee Athmani, mwenye malori matatu na gereji ya mabati nyuma ya msikiti. Nilimkuta chini ya lori, kofia yake nyeupe kichwani bila doa hata moja la grisi. Mpaka leo sijui alifanyaje.

"Unajua kuendesha?" akaniuliza kutoka huko chini.

"Sijui, Mzee."

"Unajua kutengeneza?"

"Sijui."

"Alhamdulillahi. Aliyekutangulia alijua yote mawili, akanivunjia gia."

Akatoka, akanipa kabari ya mti mgumu yenye mpini wa kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa cheti changu cha kazi. Tanboi wa siku hizo, yaani utingo, alikaa juu ya mzigo, na lori likichoka mlimani aliruka chini kabla halijaanza kurudi nyuma, akaisukuma kabari nyuma ya gurudumu. "Nyuma ya gurudumu," Mzee alisisitiza, "si mbele. Aliyeweka mbele tulilipata lori mtoni." Nikauliza, na yeye mwenyewe? "Yeye hatukumtafuta sana."

Nilikula vumbi la barabara ya Meru kwenda Embu mpaka nikajua kila kona kwa ladha yake. Vumbi la Nkubu lina chumvi kidogo. La Nithi hulionji, maana huko mdomo wako umefungwa kwa hofu. Hapo mtelemko ulikuwa mkali kiasi kwamba dereva alishuka kwa gia ya kwanza, mguu wa kulia juu ya breki na wa kushoto ukiomba dua. Mzee alinifundisha kuendesha mahali hapohapo, akisema atakayejifunzia uwanjani atajua uwanja.

Lakini kwanza alinifundisha hendeli. Ninyi mnawasha gari kwa kukunja kidole. Sisi tulikuwa na chuma kilichopindwa mara mbili; unakitia puani mwa lori, unazungusha kwa nguvu, injini inashika. Au haishiki. Au inashika vibaya na kuirudisha hendeli nyuma kama teke la punda, na hapo ndipo vidole gumba vya madereva wengi vilivunjikia. Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa hili: gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Usilizungushe. Chuma kikitaka kurudi, kiteleze kiondoke mkononi.

"Ishike bila kuikumbatia," Mzee alisema. Kisha, kwa kuwa hakuweza kupitisha spana bila kutia neno la dini ndani yake, "Na dunia vivyo hivyo."

Mimi nililelewa kanisani, yeye msikitini, lakini gumba ni gumba.

Sasa nifike kwenye desturi yenyewe. Kila Ijumaa, kabla ya sala ya adhuhuri, kila dereva alitundika hendeli ya lori lake kwenye ule msumari. Mzee alikwenda msikitini na Idi, dereva wake wa siku nyingi, mzaliwa wa palepale mtaani. Sisi wakristo wawili, mimi na M'Rukaria wa Kibirichia, tulikaa ukutani tukingoja. Wakirudi, Mzee aligeuza uso, akanyoosha mkono nyuma yake, akagawa hendeli moja moja bila kuziangalia. Hendeli uliyopewa ndiyo lori lako mpaka Ijumaa nyingine. Hakuna aliyekuwa na lori lake. Kulipa lori jina kulikatazwa kabisa. "Chenye jina kina mwenyewe," alisema, "na chenye mwenyewe kina kilio."

Malori yenyewe yalikuwa la buluu, jekundu na la kijani. La buluu lilikuwa jipya na likiwaka kwa mzunguko mmoja. Jekundu lilikuwa kama watu wengi, si jema wala si baya. La kijani mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani, rejeta yake ilikunywa maji kuliko ng'ombe, na lilizimika kila mlima, na mara nyingine tambarare, bila sababu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Toka Meru mpaka Embu hapakuwa na kituo cha askari ambacho hakikuwa kimewahi kulisukuma.

M'Rukaria, mtu mkubwa mwenye sauti ya mbiu, aliliita la buluu Karimi kwa siri. Tulimsikia siku moja kwenye mlima wa Igoji akilibembeleza: "Polepole Karimi, polepole mama." Mzee alikuwa amekaa kando yake. Ijumaa iliyofuata ule mkono wake usioona ulimpa M'Rukaria la kijani, na iliyofuata tena la kijani, na nyingine tena. Nimeeleza kwamba mkono ulikuwa hauoni. Sikusema kwamba ulikuwa haujui.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mkoloni. Ninyi mmeisoma shuleni, kwa hiyo nitasema tu ilivyoigusa barabara. Kafyu iliingia, vizuizi vikajengwa, magari yakawa yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Sisi Waembu na Wameru hatukuruhusiwa kwenda tutakako bila pasi. Mto Thuchi, ambao nilikuwa nauvuka nikipiga mluzi, ukageuka kuwa ukuta. Mimi nilibaki Meru, na ng'ambo, Karurumo, alibaki Ruguru.

Ruguru alikuwa mchumba wangu. Baba yangu alikuwa amekwisha peleka pombe kwao, wazee wakainywa, wakasema ni tamu. Halafu watu wa kwao wakaondolewa mashambani wakatiwa kijiji kimoja chenye handaki kuzunguka na vijiti vilivyochongwa, na wanawake wakawa wanatolewa kila asubuhi kwenda kufyeka vichaka kando ya barabara kwa lazima. Habari zake nilizipata kwa midomo ya watu, na kila mdomo ulizipunguza kidogo. Mmoja aliniambia amekonda. Mwingine aliniambia homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji, mwenye kofia kubwa, anamtaka. Baada ya hapo sikuuliza tena, maana nililala vibaya zaidi nikijua.

Safari za Embu alikwenda Mzee mwenyewe, kila mara, na pasi yake mfukoni mwa kanzu. Yeye ndiye aliyekuwa nyapara wa malori yake. Tukaona nyapara ndiye mwenye pasi. Shikeni hapo, maana ndipo tulipopotelea. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tuliona mambo mawili yakitembea pamoja, tukayafungisha ndoa.

Macho ya Mzee yakaanza kufunga utando. Alipomsalimia mbuzi wa jirani kwa heshima zote, akamwulizia hali ya watoto, mkewe Bi Halima alisema basi. Ijumaa hiyo, hendeli zikiwa msumarini, Mzee alitangaza.

"Nitaweka nyapara. Yeye ataendesha mambo, nami nitakaa barazani nimkosoe. Mwenye kukitaka cheo kitamharibu. Kwa hiyo nitampa asiyekitaka."

Akaenda kusali. Mimi na M'Rukaria tulibaki ukutani tukitazamana.

"Mimi sikitaki," akasema M'Rukaria.

"Mimi ndiyo kabisa," nikasema.

"Mimi tangu zamani."

"Mimi tangu kuzaliwa."

Na vita vikaanza. Nimeripoti ajali nyingi kwa polisi katika maisha yangu, na najua kueleza jambo lilivyotokea hatua kwa hatua, lakini hii ilikuwa ajali ya polepole ya msimu mzima. M'Rukaria alianza kwa kuipunguza sauti yake, akawa anazungumza kama mgonjwa. Mimi nikaanza kutembea nikiangalia chini. Adhuhuri Bi Halima akileta sufuria, M'Rukaria akasukuma nyama zake kwa Idi: "Kula ndugu yangu, mimi mwili huu sina haja nao." Nami ningefanya nini? Nikasukuma zangu. Idi alikula zote, akashukuru, akalala. Idi alikuwa analala popote. Alilala chini ya lori, juu ya magunia, wima ameegemea bodi. Katika wiki hizo alinenepa mpaka akalazimika kusogeza kiti cha lile jekundu nyuma.

M'Rukaria akaacha kunyoa ndevu. Nikaacha kutia sukari chai. Akampa mwombaji koti lake zuri, akihakikisha Mzee yuko barazani wakati huo. Mzee, kwa macho yale, alidhani mwombaji ndiye M'Rukaria, akampongeza kwa koti. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba mtu asiyeitaka dunia hacheki hivyo.

Tukafika kwenye hendeli. Ijumaa moja Mzee alimpa M'Rukaria ya la buluu. M'Rukaria akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Mzee, la buluu mpe Njeru. Mimi nitosheke na la kijani."

"La kijani nimepewa mimi," nikasema, nikiificha hendeli nyuma ya mgongo.

"Njeru, mucore wangu, wewe ni rafiki. Nipe hicho kibovu."

"Wewe una watoto. Kibovu kitakuchelewesha."

"Kunichelewesha ndiko nitakako! Nipate kunyenyekea!"

Akaikamata hendeli. Tukavutana. Watu wawili wenye akili, katika mji mzima wa Meru, tulivutana shati kwa ajili ya lori ambalo hata mwizi aliwahi kuliiba akalirudisha. Idi alifungua jicho moja, akatuangalia, akalifumba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba la buluu lilibaki pale uani, zuri, linang'aa, hakuna anayeligusa asije akaonekana analipenda. Waru, viazi vya Kibirichia, zikawa zinangoja kwenye magunia. Siku ya tatu akaja mama mmoja mkulima kutoka huko, shuka limekazwa kiunoni, akasimama katikati ya gereji.

"Viazi vyangu vimechipua," akasema. "Nimewaletea jembe. Vipandeni humu ndani, mvune wenyewe."

"Mama, subira," M'Rukaria akamwambia kwa ile sauti ya mgonjwa. "Mali ni kivuli."

"Kivuli? Wewe mtoto wa M'Mwirichia, mimi nakujua! Ulikuwa unaiba maziwa kwenye kibuyu ukiwa na meno mawili! Panda lori hilo!"

Akalipanda. Lakini Mzee alikuwa amesikia yote kutoka barazani, na mtu asiyeona vizuri husikia hata kinachofikiriwa. Ijumaa iliyofuata akatuweka mbele yake.

"Leo nachagua. Nani anautaka unyapara?"

Tukautazama msumari.

"M'Rukaria?"

"Mimi ni mavumbi, Mzee."

"Njeru?"

"Mimi nakanyagwa na mavumbi."

"Idi? Idi! Mwamsheni."

Tukamwamsha.

"Idi, unautaka unyapara?"

Idi alifikiri. "Una kazi nyingi?"

"Nyingi."

"Basi siutaki, Mzee. Ahsante."

"Umeupata."

Sijawahi kumwona mtu akipandishwa cheo akalia machozi, ila siku hiyo. "Mzee," Idi alisema, "nimekukosea nini?"

M'Rukaria alitoka nje akalipiga teke gurudumu la lile la buluu, akaliomba lori radhi kwa jina. Siku hiyohiyo sauti yake ilirudi, na ndevu akazinyoa. Yeye alikuwa amekosa cheo tu, na cheo kinasahaulika kwa sahani moja ya nyama. Mimi nilikuwa nimekosa mto. Nilikaa nyuma ya gereji na sahani yangu mapajani, nimerudishiwa nyama zangu, na hazikushuka.

Bi Halima alikuja kuchukua vyombo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, yote yakiwa na ncha.

"Tangu lini mtu akalilia asichokitaka?"

Nikamweleza. Ruguru, Karurumo, handaki, homgadi mwenye kofia. Alisikiliza akikwangua ukoko wa sufuria.

"Haya yote umemwambia Mzee?"

"Nimwambieje? Atajua nilikuwa najifanya."

"Mwanangu," akasema, "mji mzima ulijua mnajifanya. Mbuzi walijua. Nenda."

Nikaenda barazani. Mzee alikuwa anapitisha tasbihi vidoleni. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: kwamba nilikitaka cheo, kwamba sikukitaka kwa ajili ya cheo, kwamba nilitaka pasi nivuke Thuchi, na kwamba nyama nilizompa Idi nilimpa kwa uchungu. Tasbihi ikasimama.

"Pasi na unyapara vimekutana wapi?"

"Wewe ndiye nyapara, na wewe ndiye mwenye pasi."

"Mimi pia ndiye mwenye goti bovu. Idi atalirithi?"

Nikaliangalia goti.

"Njeru. Ofisini waliniambia tangu mwaka jana, ukiwa na dereva wa kuvuka mto, mlete tumtazame, tutampa pasi ya msafara. Nilikuwa nakwenda mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeniomba. Nikadhani mnaogopa."

"Tangu mwaka jana!"

"Hukuuliza."

Ninyi vijana, kuna maumivu ya jino na kuna maumivu ya neno hilo. Nilihisi msimu wote ule ukinipita mbele: chai chungu, macho chini, shati lililochanika begani. Nikajaribu kujitetea. "Lakini Mzee, wewe mwenyewe ulitufundisha tusitake."

"Mimi?" Akainua mkono wake, akakunja vidole vinne kama anashika chuma, gumba likakaa upande uleule. "Nilisema msikumbatie. Nilisema mkatwe mikono? Hendeli usipoishika, gari litawakaje? Taka, mwanangu. Taka kitu chenyewe, kwa jina lake, umwombe mwenye nacho. Ukinyimwa, gumba lako halijavunjika. Wewe ulitaka mchumba ukaomba umaskini. Mwenyezi Mungu akupe nini sasa?"

Pasi ikapatikana. Ilikuwa ya safari moja, kwenda na kurudi, na msafara haukuruhusiwa kusimama popote kati ya Chuka na Embu, isipokuwa gari liharibike. Hilo nililijua. Nilichotarajia ni kupita Karurumo, na pengine, Mungu akinyoosha mambo, kumwona kwa mbali akiwa na wenzake kando ya barabara. Hata hilo lilinitosha. Nilijiambia linanitosha.

Ijumaa kabla ya safari niliomba kwa dhati nipewe la buluu. Lile la kijani lingeweza kufia Nkubu, nikakosa hata huo mtazamo mmoja. Mzee akageuza uso, akanyoosha mkono, na nikaona kwa macho yangu vidole vyake vikiigusa hendeli ya la buluu, vikasita, vikaipita. Akanipa ya la kijani. M'Rukaria akapata la buluu na safari ya Kibirichia, akajaribu kutolipenda kwa muda wa kama nusu saa.

Nikaishika, gumba upande mmoja. Sikusema kitu. Najivunia kimya hicho kuliko safari zangu zote.

Idi alikuja nami kama nyapara, yaani alilala kiti cha kando kabari ikiwa mapajani. Tuliondoka na msafara jua likichomoza, mzigo wa waru nyuma, madebe matatu ya maji ya rejeta miguuni. Nilingoja lori lizimike Nkubu. Halikuzimika. Nikalingoja Igoji, nikamwamsha Idi aandae kabari. Lilipanda likiguna kama mzee anayepanda ngazi, lakini likapanda. Tukashuka Nithi, tukainuka Nithi. Chuka tukapita. Thuchi tukaivuka, mbao za daraja zikigonga chini yetu, na moyo wangu nao. Maji ya debe hata sikuyagusa. Lile gari, ambalo katika maisha yake yote halikuwahi kumaliza safari bila kuaibisha mtu, siku hiyo lilikwenda kama saa ya ukutani.

Tukaikaribia Karurumo. Nikawaona kwa mbali: safu ya wanawake kando ya barabara, mapanga na majembe, vitambaa vichwani, homgadi wawili wakiwalinda. Kichwa cha tatu kutoka mwisho kilikuwa kimeinama kwa namna ninayoijua. Msafara ulikuwa unakwenda kasi. Nilihesabu kwamba nitampita kwa muda wa kupepesa jicho, na vumbi langu ndilo litakalokuwa salamu.

Lori halikuzimika. Basi nikalizima.

Nilipeleka mkono kwenye swichi, nikaigeuza, na la kijani likakohoa kwa uaminifu wake wa zamani na kusimama mbele ya wale wanawake hasa. Idi akaamka. Akaniangalia, akaiangalia swichi, akaangalia nje, akaniangalia tena. Yule askari mkuu wa msafara akaja mbio akifoka. Alipoona ni lori gani, akatupa mikono juu.

"Hili tena!"

"Mimi ndiye nyapara," Idi akasema kwa utulivu mkubwa, akishuka na kabari yake. "Nimelikagua. Limeharibika."

Hakuna kauli ya mkubwa yeyote niliyowahi kuiheshimu kama hiyo. Na hapo nikaelewa vile vidole vilivyosita msumarini. La buluu lingezimika, askari angenitia pingu. La kijani lilipozimika, hakuna aliyeshuku. Askari wengine walikuwa wamekwisha kuvua makoti wasukume.

"Wanawake!" homgadi mwenye kofia kubwa akaita. "Sukumeni!" Naam, kofia ilikuwa kubwa kama nilivyoambiwa. Ndani yake kulikuwa na kichwa kidogo sana.

Wakaja. Ruguru akashika ubavu wa mlango wangu, pale penye kamba. Alikuwa amekonda kweli. Mikono ilikuwa imepasuka. Lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayengoja useme upuuzi akujibu.

"Kumbe Meru wanafundisha udereva wa kusukumwa," akasema kwa Kiembu, bila kuniangalia.

"Nilikuja kukuona."

"Nimekuona. Umekonda kuliko mimi, na mimi nimefungwa. Wewe umefungwa na nani?"

Ningemwelezaje habari ya nyama? "Wanasema kuna mtu anakutaka."

"Wapo wengi. Mmoja ana kofia." Akasukuma kidogo, kwa ajili ya kuonekana. "Pombe ya baba yako bado iko tumboni mwa wazee wetu. Hawajaitapika."

Nikashuka na hendeli, nikaenda mbele, nikazungusha mara kadhaa kwa kelele nyingi na faida ndogo, nikarudi mlangoni kana kwamba nasikiliza injini. Ningekaa hapo mpaka jioni. Ningekaa hapo mpaka Hali ya Hatari iishe. Askari alikuwa ameanza kuangalia saa, na yule mwenye kofia alikuwa anasogea upande wetu. Ruguru akachungulia ndani kupitia dirishani. Akaiona swichi.

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliinama, akaweka bega mlangoni kama mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote, akasema karibu na sikio langu:

"Fungua swichi, uende. Wakijua, hutarudi."

"Nitarudi."

"Njoo na hili hili. Wameshalizoea."

Nikaifungua. Nikaenda mbele, nikaingiza hendeli, nikalipanga gumba langu upande mmoja na vidole vingine. Nikazungusha mara moja. Likawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakicheka, na mpaka leo sijui ni wangapi kati yao waliojua. Idi akapanda, akafumba macho. Tukaondoka na Ruguru akabaki barabarani, na sikugeuka nyuma, kwa sababu dereva mzuri hageuki, na kwa sababu kioo cha pembeni kilikuwapo.

Pasi nyingine zilifuata. Lori lile lilizimika Karurumo mara nyingi hivi kwamba askari walipaita Gereji. Mwenye kofia alichoka kusukuma akatafuta mchumba mahali penye tambarare. Kafyu ilipoondolewa tulioana, Mzee Athmani akaja harusini akiongozwa na Bi Halima, akampongeza mama mkwe wangu akidhani ndiye bibi harusi, na mama mkwe hakumsahihisha. M'Rukaria alikuja na Karimi, akiwa amelifunga maua. Idi alikuwa nyapara mpaka mwisho, na sijapata kuwa na mkubwa mwema kama yeye, maana hakuwa na muda wa kutusumbua.

Siku mliponiaga niliutundika ufunguo kwenye msumari ule, nikaondoka bila kuugusa tena. Mlidhani nimesahau kutoa hotuba. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba.

Jambo moja limebaki. Wiki iliyopita lori lenu jipya lilizimika mbele ya lango letu, wakati mjukuu wetu wa kike alipokuwa anaanika nguo uani. Dereva akashuka, akafungua boneti, akaanza kuomba maji, halafu akaomba spana, halafu akaomba chai. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka kumsaidia, maana ugonjwa wa kazi hauponi. Ruguru alinishika mkono. Alimtazama kijana yule kwa muda, kisha akamwambia mjukuu wetu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mpelekee chai. Ukifika, chungulia kwanza swichi."